Saa za Mapumziko ya Mtumishi
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mwanza)



Tumeombwa na Kamati tuseme maneno machache juu ya mapumziko ya mtumishi, yaani zile saa zilizo zake mwenyewe baada ya kufunga faili na kurudi nyumbani. Twajua wako watakaosema ya kwamba jambo hili ni dogo, na ya kwamba chama kama hiki chapaswa kuzungumza habari za mishahara, vyeo na malipo ya uzeeni peke yake. Hatuwapingi. Walakini mshahara hufika mara moja kwa mwezi, na jioni hufika kila siku. Tena liko shauri mbele yetu linalongoja kukatwa. Katika sanduku la michezo imo fedha ya michango yetu, na wanachama wamegawanyika: wengine wataka ikodi chombo cha kutupeleka Ukerewe siku ya sikukuu, sisi na wake zetu na watoto, na wengine wataka inunue televisheni kubwa ya kuwekwa klabuni. Tutafika huko. Kwanza twaomba tutazame nyuma kidogo, maana hatukuwa watumishi wa kwanza kuulizana swali hili.

Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika kiliundwa Tanga mwaka 1922, na mwanzilishi wake alikuwa Martin Kayamba, karani mwenye elimu nyingi aliyekwisha tembea nchi nyingi. Mwaka uliofuata, 1923, likaanza gazeti la Serikali la Mambo Leo, na ndani ya kurasa zake makarani, waalimu na wapiga simu wa nchi nzima walijibizana kwa barua na mashairi. Gazeti moja lilisomwa na watu wengi. Aliyelinunua alilisoma kwa sauti barazani, na wasiojua kusoma walikaa wakisikiliza. Hayo yalikuwa mapumziko, na yalikuwa na faida, na gharama yake ilikuwa senti chache.

Hapa kwetu Mwanza vitu vya starehe viliingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa ziwa, kwa maana reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka Kisumu meli zilileta mizigo mpaka bandari zetu. Mlango wa pili ulikuwa reli ya kutoka Tabora, iliyofika hapa mwaka 1928. Kwa milango hiyo vikaja baisikeli, cherehani, taa za karabai, na kile chombo kilichowashangaza wazee wetu kuliko vyote, kinanda cha santuri.

Ndugu wengi vijana mliomo humu hamjapata kukiona kinanda kile kikifunguliwa, basi turuhusuni tukieleze, maana hakuna shule ya ufundi wa nyumbani iliyokuwa bora kuliko hiyo. Kinanda kile hakikuwa na umeme hata kidogo. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na kamani ndefu ya chuma, iliyokunjwa ndani ya kopo la mviringo. Ulipozungusha mpini uliikaza kamani, nayo ilipotaka kurudi katika hali yake ilizungusha magurudumu ya meno, na magurudumu yakaizungusha sahani. Sasa shida ni hii: kamani iliyokazwa yataka kukimbia, na ikiachwa ikimbie, mwimbaji atalia kama ndege, na mwisho wake ataguna kama mzee mgonjwa. Kwa hiyo waliweka vipande vitatu vidogo vya madini mazito juu ya vyuma vyembamba vinavyonesa. Mwendo ukizidi, vipande hivyo hutupwa nje, na kwa kutupwa kwao huvuta kisahani kinachogusa kipande cha ngozi, nacho huzuia mwendo. Ukipungua, hurudi ndani. Ndivyo sahani ilivyoshika mwendo wake wa mizunguko 78 kwa dakika, bila mtu kuishika. Twaona ya kuwa karani aliyekifahamu chombo hiki kidogo alifahamu jambo moja kubwa la ufundi, yaani mashine inayojitawala mwenyewe.

Maradhi ya kinanda yalikuwa machache na yalijulikana. Grisi ya ndani ya kopo ilipokauka, kamani ilishtuka kwa mishindo, na sahani ikawa yaruka. Kile kipande cha ngozi kilipokauka, sauti iliyumba; tone moja la mafuta lilitosha. Sindano zilikuwa za chuma laini, na desturi iliyoamriwa ilikuwa kubadili sindano kila upande wa santuri, kwa sababu sindano iliyolika hugeuka kuwa patasi. Mtu aliyefanya uchoyo wa sindano alikula santuri zake, nazo zilikuwa ghali kuliko sindano mara nyingi. Santuri zenyewe zilitengenezwa kwa utomvu utolewao na wadudu wadogo wa huko Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe, kwa hiyo zilivunjika kama kigae zikianguka, na zilipinda zikiachwa juani. Iliyopinda iliwekwa katikati ya vioo viwili, ikapata joto la jua polepole, kisha ikaachwa ipoe papo hapo kivulini. Jambo moja tu lilikatazwa kabisa kwa mtu asiyefundishwa, nalo ni kufungua kopo la kamani. Kamani ile ikiruka hukata vidole.

Na waliimba nini ndani ya vinanda hivyo? Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafirishwa kutoka Unguja mpaka Bombay kwenda kutia sauti zao katika santuri. Basi mwanamke aliyezaliwa shamba, aliyepata kuuza vyungu, akawa aimba mahali ambapo hakupata kukanyaga. Yafaa tukumbuke ya kwamba kabla ya hapo muziki ulimtaka mtu aende ulipo. Tangu santuri, muziki ulianza kumjia mtu nyumbani kwake, na hapo ndipo ilipoanza hoja ambayo tungali nayo mpaka leo: je, mtu apumzike kwa kutoka, au apumzike kwa kukaa?

Redio ikaizidisha hoja hiyo. Wakati wa vita vya 1939 hata 1945, matangazo ya Kiswahili kutoka Nairobi yalisikilizwa kwa makundi, watu wakisimama mbele ya chombo kimoja kupata habari za ndugu zao waliokuwa Abisinia na Burma. Mwaka 1949 kwa ajili ya watu wa Northern Rhodesia, ndiyo Zambia ya leo, ilitengenezwa redio ndogo ya betri ambayo mwili wake ulikuwa sufuria hasa, wala hatufanyi mzaha, kwa kuwa kiwanda kilitumia sufuria za alumini zisizotiwa bado mpini. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri mbali. Mwaka 1951 matangazo yakaanza Dar es Salaam kwa mtambo mdogo. Lakini redio za siku zile zilikuwa na taa za kioo ndani yake, zilizokula betri kama moto ulavyo majani makavu. Mabadiliko yenyewe yalitokana na kile kidude kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1947, transista, kilichoanza kuuzwa ndani ya redio za mkononi mwaka 1954. Transista haihitaji kupata moto kwanza, na hutosheka na mawe manne ya betri kwa majuma mengi. Ndiyo iliyompa mkulima wa pamba wa Usukuma redio ya kufunga juu ya baisikeli yake, akipita njiani na taarabu yake au dansi yake, apendavyo.

Tungependa kukaa hapa kitambo, kwa sababu redio hizo zingali katika nyumba zetu, na nyingi zimelala juu ya kabati zikidhaniwa zimekufa. Tumezoea kumpelekea fundi chombo kilicho na ugonjwa wa senti kumi, tukalipa shilingi. Redio ya transista iliyonyamaza, katika mara nyingi, haikufa transista. Kwanza tazama pale mawe yanapogusana na vyuma vyake. Jiwe la betri la kawaida lina kopo la zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kadiri umeme unavyotoka. Jiwe likiachwa ndani baada ya kwisha, kopo hutoboka, maji yake makali humwagika, na chuma huota ukoko mweupe au wa kijani. Ukwangue kwa kisu butu, upanguse kwa kitambaa chenye siki kidogo kisha kitambaa kikavu, na mara nyingi redio itasema. Pili, ule waya mwembamba wa spika hukatika kwa kutikisika. Tatu, kitufe cha kuongezea sauti hujaa vumbi, ndipo sauti hukwaruza. Kizungushe mara ishirini, huku na huku. Nne, pale tundu la kuchomekea cha masikioni, kijichuma kidogo hubaki wazi, na redio hudhani ungali umevaa cha masikioni, ikanyamazia spika. Haya manne aweza kuyatazama mtu yeyote mwenye bisibisi na subira.

Wazee walikuwa na desturi ya kuanika mawe ya betri juani ili yapate nguvu. Vijana huwacheka, lakini desturi ile haikuwa upuuzi, kwa sababu joto huharakisha kazi ya dawa iliyomo ndani, na jiwe lililochoka hutoa umeme kidogo tena kwa muda mfupi. Illa halirudishi kilicholiwa, na jiwe lililoanikwa sana humwagika upesi zaidi.

Sasa yako yasiyofunguliwa. Televisheni zile nene za zamani zenye kioo cha tumbo, hata zikiwa zimezimwa na kuchomolewa, hubaki na umeme mkali uliofungwa nyuma ya kioo, uwezao kumwangusha mtu. Chombo chochote kilichochomekwa ukutani kisiguswe ndani na mtu asiye fundi. Kadhalika betri zile nzito za maji, zilizo katika nyumba nyingi za vijijini pamoja na paneli za jua. Zikiwa zinajazwa hutoa hewa inayolipuka, basi asiziinamie mtu mwenye sigara wala mwenye kibiriti, na maji ya kuongeza yawe yale yaliyosafishwa kwa mvuke, si ya ziwani wala ya bomba. Tunayasema haya kwa ukali kidogo, kwa maana kijana aliyefanikiwa kufufua redio moja hujiona bingwa kabla ya juma kwisha.

Twajua mtatuuliza habari za simu za mkononi. Simu ni redio, na santuri, na sinema, na gazeti, na posta, vyote ndani ya kiganja. Hatuna neno baya juu yake, isipokuwa hili: imegandishwa kwa gundi ili mwenyewe asiifungue. Babu alikifahamu kinanda chake mpaka kamani. Mjukuu hajui kilichomo ndani ya kioo anachokitazama tangu asubuhi. Hili si kosa la mjukuu. Lakini ni sababu njema ya klabu kuwa na meza moja yenye vyombo vinavyofunguka.

Tuje kwenye hoja ya televisheni. Katika Tanzania Bara matangazo ya televisheni hayakuanza mpaka mwaka 1994, ijapokuwa Unguja walikuwa nayo miaka ishirini kabla. Wengi wetu twakumbuka majirani kumi na tano ndani ya sebule ya mtu mmoja, na mwenye nyumba akiomba watu wapishe kidogo apate kula. Mwanzoni mwa mwaka 2013 mitambo ya zamani ikazimwa hapa Mwanza, na kila aliyetaka kuona picha akapaswa kununua kingamuzi. Leo nyumba za wanachama walio wengi zina televisheni. Basi kununua nyingine, kubwa zaidi, ili tutoke nyumbani penye televisheni tuje klabuni penye televisheni, twaona ni kulipa mara mbili kwa kitu kimoja. Wanaosema itakuwa kwa ajili ya mpira wa siku kubwa wana hoja kidogo, na twawapa hiyo kidogo. Lakini siku kubwa ni chache.

Sinema ilikuwa habari nyingine. Katika miaka ya 1935 mpaka 1937 palikuwa na jaribio la kutengeneza picha za kuwafundisha Waafrika, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara. Picha 35 zilitengenezwa, na gari lilizichukua kutoka nchi hata nchi, sauti yake ikiwa imetiwa katika santuri zilizopigwa sambamba na picha. Moja ya picha hizo ilikuwa juu ya kuweka akiba Posta, na makarani wa siku zile bila shaka waliitazama kwa makini kuliko walivyoifuata. Baadaye miji ikapata nyumba zake za sinema, na hapa kwetu Liberty ilikuwa mojawapo, ambamo watu walilia kwa picha za Kihindi wasizojua lugha yake. Nyumba hizo zilipokwisha kufungwa, vikaja vibanda vya video, ambamo mtu mmoja mwenye ulimi mwepesi hufasiri maneno yote ya picha kwa Kiswahili, huku akiongeza na yake. Baadhi ya wakubwa huvidharau vibanda hivyo. Sisi twaona ya kwamba yule mfasiri afanya kazi ile ile ya msoma gazeti wa barazani: huwafungulia wengi kitu kilichofungwa.

Hapo twafika mahali pagumu, napo ni habari za ngoma. Watangulizi wetu makarani walikuwa na tabia moja ambayo yatupasa kuisema wazi. Walipenda dansi, na hakuna ubaya: dansi ya viatu, tai na kinanda, watu wawili wawili. Kundi la Dar es Salaam Jazz Band lilianza mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944, na kila mji wenye reli ulitaka kuwa na lake. Kabla ya dansi palikuwa na beni, iliyoanza pwani kwenye miaka ya 1890, yenye tarumbeta na vyeo vya kijeshi, nayo ilienea bara baada ya vita vya 1914 hata 1918 kwa miguu ya askari na wapagazi waliorudi. Lakini walio wengi katika makarani waliiona ngoma ya shamba kuwa ni ya washamba, wakakaa Mwanza miaka kumi bila kuitazama hata moja, wakati walikuwa wamekaa katikati ya watu wenye ustadi mkubwa wa ngoma katika Afrika ya Mashariki nzima.

Wasukuma wana jamii mbili kuu za wachezaji, Bagika na Bagalu, zilizoanzishwa zamani za karne ya 19 na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, makundi ya pande mbili hukutana katika uwanja mmoja na kucheza wakati ule ule. Hapana waamuzi wenye karatasi. Watazamaji huenda kule macho yao yanakowavuta, na kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Hebu fikirini maana yake! Wachezaji walilazimika kila mwaka kubuni jambo jipya la kumtoa mtu upande wa pili. Wengine wakacheza na chatu. Wengine wakarusha majembe hewani na kuyadaka kwa pamoja, ndiyo bugobogobo, ngoma iliyozaliwa katika kulima kwa ushirika. Wengine wakachonga sanamu za mbao zenye mikono inayochezeka, wakazitoa ghafula katikati ya uwanja. Nao walitafuta dawa za mvuto, hilo pia latajwa, na kila mtu ana maoni yake. Lakini sanamu ile ya mbao yenye mkono unaochezeka ni ufundi wa nyumbani kama vile kukifungua kinanda, na aliyeitengeneza hakuona kitabu.

Kule Bujora, karibu na Kisesa katika njia ya Musoma, Padre David Clement kutoka Kanada, ambaye watu walimwita Fumbuka, alianza kazi katika miaka ya 1950 na kujenga kanisa lenye umbo la nyumba ya mtemi, na pembeni yake makumbusho ya Wasukuma yenye ngoma, viti na nyumba za mfano. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, hufanyika pale Bulabo, na Bagika na Bagalu hukutana. Nauli ya basi kutoka mjini ni ndogo. Wako wanachama humu waliokwisha safari mpaka Dubai wasiopata kufika Bujora.

Sasa ziwa. Bwana Mwenyekiti, hapa twaomba subira ya mkutano, kwa maana hatuna budi kusema maneno ambayo si ya starehe.

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, ikitoka Bukoba kuja hapa, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza. Mamia ya watu walipotea. Wengi wao wamelala Igoma, na hakuna ofisi katika mji huu ambayo haikupoteza mtu au jamaa ya mtu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, kutoka Bugolora. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa walizidi 220. Siku ile ilikuwa siku ya gulio. Mara zote mbili chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi, na mara zote mbili nchi kavu haikuwa mbali.

Twasema hivi kwa sababu tumesikia jinsi shauri la safari ya Ukerewe linavyopangwa. Hesabu iliyoletwa mbele ya Kamati yagawanya gharama ya kukodi chombo kwa idadi ya watu, na kila anapoongezwa mtu, mchango wa kila mmoja hupungua. Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo tunayoiogopa. Imefanywa na watu wema, ndugu zetu, wanaotaka hata mwenye mshahara mdogo apate kwenda. Lakini chombo hakina habari ya mshahara. Tena watoto hawakuhesabiwa, kwa kuwa hawalipi. Sisi tungependa hesabu ianze upande wa pili: nahodha aseme cheti chake chamruhusu watu wangapi, watoto wakiwa watu; majaketi ya kuokolea maisha yahesabiwe moja moja, yakiwemo madogo; ndipo tujue wangapi watakwenda na kwa bei gani. Ikiwa bei itapanda, sanduku la michezo lisaidie wenye kipato kidogo. Na kama haitoshi, waende nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao.

Wako wanaosema twawatia watu hofu, na ya kuwa wavuvi huenda kila usiku. Ni kweli, na wavuvi ni waalimu wetu. Mvuvi wa dagaa huenda usiku wa giza, kwa sababu mwanga wa taa yake hauna nguvu mbalamwezi ikiwa inang'aa. Zamani alitumia karabai, akiipampu na kuzibua tundu lake kwa kisindano kila mara, na leo wengi wamehamia taa za betri na jua. Ukisimama juu ya mawe ya Capri Point usiku wa giza utaona taa zao kama mji mwingine juu ya maji. Lakini mwulizeni mvuvi habari za upepo. Atakwambia ya kuwa mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, na alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu pamoja na mawimbi. Usiku hugeuka, na ngurumo nyingi huzaliwa juu ya ziwa usiku hata alfajiri. Naye hupanga saa zake kwa hayo. Ratiba iliyoletwa kwetu imepangwa kwa saa za hotuba na chakula, na kurudi kumewekwa usiku.

Kwa wale watakao maji bila safari ndefu, liko pendekezo letu, kisiwa cha Saanane, ambacho kiko mbele ya macho yetu. Jina lake ni la mzee Saanane Chawandi, aliyeishi pale akivua na kulima kabla ya kuhamishwa. Mwaka 1964 Serikali ilifanya pale bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote nchini. Mashua ni mwendo mfupi tu, watu huenda kwa zamu, na kuna pimbi, swala, na mawe makubwa ya kukalia yaliyopangwa juu kwa juu kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akicheza nayo. Watoto wakatazwe kuoga penye matete na maji yaliyotulia, maana huko ndiko wanakokaa konokono wa kichocho.

Neno moja kwa wanaume. Katika yote tuliyoyataja, mwenye kupumzika alikuwa baba. Akina mama wamekaa nyuma ya ukumbi huu wakitusikiliza, na mmoja wao alituuliza kabla ya mkutano ni saa ngapi zilizo zake. Hatukuwa na jibu zuri. Cherehani iliingia nyumbani pamoja na kinanda, nayo ilifanya kazi wakati kinanda kikiimba. Na aliyejua kuifungua, kuitia mafuta na kuirekebisha uzi wake alikuwa mama, bila mtu kumwita fundi. Kwa hiyo twaomba katika safari hiyo, iwe ni Bujora au Saanane, chakula kinunuliwe au kipikwe na kamati ya wanaume, ili isiwe kwa nusu ya wasafiri ni jiko lililohamishwa tu.

Basi maoni yetu ni haya, na mkutano utaamua kwa kura. Televisheni isinunuliwe mwaka huu. Sehemu ya fedha ikodi mabasi ya Bujora siku ya Bulabo, na sehemu isaidie zamu za Saanane. Safari ya Ukerewe irudi Kamati ikahesabiwe upya, kuanzia cheti cha nahodha. Kiasi kidogo kitakachobaki kinunue bisibisi za aina zote, koleo, chuma cha kulehemu, kipimo cha umeme, na taa nzuri ya meza.

Mzee mmoja wetu, mstaafu wa Posta na Simu, amekubali kuleta kinanda chake cha santuri Jumamosi saa nane mchana katika chumba cha nyuma, akifungue mbele ya wanaotaka kuona, isipokuwa lile kopo la kamani. Wenye redio zilizonyamaza wazilete, mawe yakiwa yametolewa. Televisheni nene zibaki nyumbani.